Herufi Zirudiwazo: Tarehe ya Ufundi wa Kusoma Marudio katika DNA

Mahindi tuliyoyazoea Afrika ya Mashariki, ya kusaga unga na ya kuchoma, ni meupe karibu yote, na mtu aliyekulia huku yamkini asijue kwamba huko Amerika ulikotoka mmea huu, kabla haujafika katika bandari zetu kwa merikebu za Wareno, punje zake huwa za zambarau, nyekundu, manjano na hata nyeusi, na kwamba katika gunzi moja huweza kutokea punje zenye mabaka na madoadoa yasiyofuata mpango wowote. Wakulima wa kale waliyaona madoadoa hayo na kuyapenda, wala hawakuyaulizia sababu. Aliyeyauliza, na akakaa nayo miaka mingi hata yakamjibu, ni bibi mmoja wa Kimarekani, Barbara McClintock, aliyezaliwa mwaka 1902, akapata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1927, na tangu mwanzo wa miaka ya arubaini akawa na shamba lake dogo na hadubini yake katika kituo cha Cold Spring Harbor, katika kisiwa cha Long Island, kwa mshahara wa Taasisi ya Carnegie ya Washington.

Katika mimea yake ilikuwamo kromosomu moja, ya tisa kwa hesabu, iliyokuwa na tabia ya kuvunjika, na haikuvunjika ovyo bali mahali pale pale. Mahali hapo akapaita Dissociation, kisha akagundua kwamba hapavunjiki ila kiwepo kitu kingine ndani ya kiini cha seli, alichokiita Activator. Na baada ya misimu kadhaa ya kupanda, kuchavusha kwa mkono na kuhesabu punje, akasadiki jambo ambalo hakuna aliyelitaraji, ya kuwa vitu hivyo viwili havikai mahali pamoja, bali huhama kutoka upande mmoja wa kromosomu hadi mwingine, na vikitua ndani ya jeni ya rangi, rangi hutoweka, na vikiondoka hurejea, punje ikatoka na madoa. Aliyaandika haya mwaka 1950 katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, na mwaka 1951 akayahutubia mbele ya mkutano uliofanyika pale pale Cold Spring Harbor, na wengi katika waliomsikia hawakumfahamu. Imekuwa ada kukisimulia kisa hiki kama kisa cha mwanamke aliyepuuzwa hadi uzeeni. Lakini insafu yataka tuseme kwamba alikwisha chaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo hicho tangu mwaka 1944, na mwaka 1945 akawa rais wa Jumuiya ya Wanajenetiki wa Marekani, na kwamba wenzake hawakumkanusha sana juu ya kule kuhama. Walichokitilia shaka ni dai lake la pili, ambalo yeye alilithamini kuliko la kwanza, kwamba vitu vihamavyo ndivyo vinavyoziongoza jeni, wakati gani ziamke na wakati gani zilale. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81, bila ya mshirika; na leo yajulikana kwamba kiasi cha asilimia 85 ya DNA yote ya muhindi ni vitu vya jamii hiyo, nakala juu ya nakala.

McClintock alikuwa na jicho na hadubini, kwa hiyo alichokiona kilikuwa tendo. Herufi zenyewe hakuziona, wala hakuwa na njia ya kujua kwamba vile vihamaji vyake ni maandiko yanayojinakili na kujirudia. Nimeona katika tarehe ya fani hii kwamba kila kizazi cha mafundi kiliyaona marudio kwa sura ile tu ambayo chombo chake kiliweza kuionyesha, kwanza kama uzito, kisha kama mwendo, kisha kama mistari juu ya filamu, na mwisho kama herufi; na kila sura ilizua tafsiri yake, na aghalabu tafsiri hiyo ilikimbia mbele ya ushahidi. Marudio nayo si ya namna moja. Yapo yaliyopangwa sanjari, neno likiandamwa na neno lile lile pasi na nafasi kati yake, na yapo yaliyotawanyika, yanayorejea hapa na pale katika andiko refu kama kibwagizo kinavyorejea kila ubeti unapokwisha.

Ilipofahamika mwaka 1953 kwamba DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, zenye herufi nne, A, T, G na C, huku A ikielekeana na T, na G na C, wengi waliitakidi kwamba andiko lote ni jeni, na kwamba kazi iliyobaki ni kuzisoma moja baada ya moja. Mizani ilikataa. Viumbe waliodhaniwa kuwa duni walikutwa na DNA nyingi kupita kiasi: samaki wa jamii ya kamongo, ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria wanamjua kwa kustahimili kiangazi akiwa amejizika ndani ya tope kavu, ana DNA inayoizidi ya mwanadamu zaidi ya mara kumi, na hapana mtu aliyekuwa tayari kukiri kwamba kamongo ahitaji jeni mara kumi zaidi ya wetu ili apate kulala matopeni. Ziada ile ilikuwa ni kitu gani? Jawabu la kwanza lilitoka katika chupa ya chumvi. Mwaka 1957, huko Pasadena katika jimbo la California, Meselson, Stahl na Vinograd walibuni njia ya kuyeyusha chumvi nzito ya siziamu pamoja na DNA, na kuizungusha kwa kasi kubwa saa nyingi, hata maji ya chini yakawa mazito na ya juu mepesi, na DNA ikaelea pale uzito wake unapolingana na wa maji yanayoizunguka. Ilipopitishwa njia hiyo DNA ya panya mdogo wa nyumbani, hakukuonekana utepe mmoja: kando ya utepe mkuu palisimama mwingine mwembamba, wenye kiasi cha sehemu moja katika kumi ya DNA yote. Saul Kit aliueleza mwaka 1961, na DNA ya utepe huo ikaitwa ya satelaiti, kwa kuwa humwandama mkubwa wake bila kuchanganyika naye. Chombo kilionyesha uzito tu, na uzito hausemi kilichoandikwa.

Aliyeugeuza uzito kuwa habari alikuwa Roy Britten, mwanafizikia aliyewahi kutumika katika mradi wa bomu la atomiki wakati wa vita, kisha akaingia elimu ya viumbe akiwa katika idara ya Taasisi ya Carnegie ambayo, kwa jina, kazi yake ilikuwa kuchunguza usumaku wa ardhi. Na pengine ilifaa awe mgeni, kwani wenyeji wa elimu hiyo hawakuwa na mazoea ya kuuliza swali la kitoto aliloliuliza yeye. Ukiichemsha DNA, nyuzi zake mbili huachana. Ukiipoza taratibu, kila uzi humtafuta mwenziwe hadi ukampata, kwa kugongana kwa bahati nasibu ndani ya maji. Basi neno lililo na nakala moja tu kati ya mabilioni ya herufi litachukua muda mrefu kumpata mwenza, ilhali neno lenye nakala malaki litampata upesi, maadamu kila linapogeuka linakutana na jamaa yake. Kwa hiyo saa ya mezani, pamoja na safu ya madini ya fosfeti inayoinasa DNA iliyokwisha kuungana na kuiachilia isiyoungana, yatosha kuhesabu neno limerudiwa mara ngapi hata kama hujui limeandikwaje. Hesabu ilibashiri kwamba DNA ya panya, kwa ukubwa wake, ingejivuta. Badala yake sehemu moja yake iliungana upesi kuliko hata DNA ya virusi na bakteria, na Britten pamoja na Michael Waring, mwaka 1966, wakakata shauri kwamba sehemu hiyo ni kipande kifupi kilichorudiwa mara zipatazo milioni moja. Nayo ndiyo ile ile satelaiti ya Kit. Miaka miwili baadaye, katika makala iliyotoka kwenye jarida la Science, Britten na David Kohne walionyesha kwamba hali hiyo si ya panya peke yake: kila mnyama na mmea waliompima, kutoka samaki hadi ng'ombe, na kutoka ngano hadi kitunguu, alikuwa na marudio ya malaki ya nakala, ilhali bakteria walikuwa karibu hawana. Mimi naihesabu makala hiyo kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa za karne iliyopita, kwa jinsi ilivyopata mengi kwa vifaa vichache.

Mwaka 1970 mambo mawili yalitimia. Huko Yale, Mary Lou Pardue na Joseph Gall walitia mionzi katika satelaiti ya panya, wakaimwagia juu ya seli zilizobandikwa kwenye kioo, wakafunika kwa dawa ya picha na kungoja. Ilipooshwa, chembe nyeusi zilikuwa zimejikusanya katika kiuno cha karibu kila kromosomu, pale panaposhikwa na nyuzi za kuvuta seli inapogawanyika. Na huko Edinburgh, Edwin Southern alifaulu kusoma, kwa njia ngumu za siku zile, neno la satelaiti moja ya mnyama aitwaye simbilisi, akakuta ni herufi sita tu, CCCTAA, zikirejea tena na tena huku zimeingiwa na makosa ya hapa na pale. Neno hilo tutakutana nalo tena mahali ambapo Southern hakuwa na sababu ya kulitazamia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba kazi ya viuno hivyo imethibiti tangu wakati ule: bila ya marudio hayo, ambayo kwa mwanadamu ni kipande cha herufi 171 kilichopangwa sanjari maelfu ya mara, kromosomu zetu hazina pa kushikiwa kwa uhakika, na seli inayogawanyika bila ya kugawa sawa ndiyo mwanzo wa kuharibika mimba nyingi.

Hata hivyo jina lililoenea halikuwa la heshima. Mwaka 1972 Susumu Ohno, mwanazuoni wa Kijapani aliyefanya kazi California, aliandika makala ambamo DNA isiyo jeni aliiita takataka, na tangu hapo imekuwa desturi kumsuta kwa neno hilo. Wanaomsuta wengi wao hawakumsoma. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: kama kila herufi katika andiko letu ingekuwa na kazi, makosa yanayoingia kila kizazi yangekuwa mengi kuliko kaumu yoyote iwezavyo kustahimili, kwa hiyo sehemu kubwa lazima iwe haina madhara ikiharibika, na hoja hiyo haijapata kuvunjwa. Mwaka 1980 Leslie Orgel na Francis Crick katika makala moja, na Ford Doolittle na Carmen Sapienza katika nyingine, jarida moja na toleo moja, waliongeza kwamba neno linaloweza kujinakili litaenea kwa sababu hiyo pekee, minghairi ya kumfaa mwenyeji wake. Nao wanaodai siku hizi kwamba hapana rudio lisilo na hikima wamevuka mpaka kwa upande wa pili. Mradi mkubwa wa kimataifa ulipotangaza mwaka 2012 kwamba asilimia 80 ya DNA ya mwanadamu ina kazi, ulikuwa umehesabu kuwa kazi kila mahali palipoguswa na kemikali yoyote ndani ya seli, na kuguswa si kutumika. Katika mwili wetu lipo neno la herufi 300 hivi liitwalo Alu, lenye nakala zaidi ya milioni moja, ambalo peke yake ni sehemu ya kumi ya andiko lote. Baadhi ya nakala hizo zimepata kuajiriwa katika uongozi wa jeni, nyingine zikihama huvunja jeni na kuleta maradhi, na zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zimekaa tu.

Tutoke sasa viunoni twende kwenye ncha za kromosomu. Hermann Muller, kwa kuwapiga nzi mionzi ya eksirei, na McClintock, kwa mahindi yake, walikwisha tambua katika miaka ya thelathini kwamba kromosomu iliyovunjika hushikamana na nyingine kwa ncha yake mbichi, ilhali ncha za asili hazishikamani; zina kitu kinachozilinda. Elizabeth Blackburn, mzaliwa wa Tasmania aliyejifunza kusoma herufi za DNA katika maabara ya Frederick Sanger huko Cambridge, alikwenda Yale kwa Gall akamchukua kiumbe wa seli moja wa madimbwini, Tetrahymena, ambaye ana maelfu ya kromosomu ndogo ndogo na kwa hiyo ncha nyingi za kutosha kusomwa. Na mwaka 1978 wakatangaza kwamba nchani mna neno TTGGGG, limerudiwa kati ya mara 20 na 70. Mwaka 1982, pamoja na Jack Szostak, alionyesha kwamba ncha hizo zikipandikizwa katika hamira zinafanya kazi ile ile ya ulinzi huko pia, ijapokuwa viumbe hao wawili wameachana tangu zama za kale mno. Alexey Olovnikov wa Moscow alikwisha sema mwaka 1971 kwamba mashine inayonakili DNA haiwezi kuumalizia mwisho wa uzi, na kwamba kila unaponakiliwa lazima ufupike. Ilibakia kujua ni nani anayefidia. Siku ya Krismasi ya mwaka 1984 Carol Greider, mwanafunzi wa Blackburn, aliona katika filamu yake dalili ya kwanza ya kimeng'enya kinachoyaongeza yale marudio, ambacho baadaye kiliitwa telomerezi, na Nobel ya mwaka 2009 ikawaendea hao watatu, Blackburn, Greider na Szostak. Ncha za mwanadamu ziliposomwa mwaka 1988, neno lake lilikuwa TTAGGG. Na uzi ulio mkabala wake, ukisomwa kwa kinyume kama ilivyo kanuni, ni CCCTAA, neno la simbilisi wa Southern.

Wakati Greider akitazama filamu yake huko California, filamu nyingine ilikuwa imekwisha oshwa huko Leicester, Uingereza, asubuhi ya Jumatatu ya tarehe 10 Septemba 1984. Alec Jeffreys alikuwa hatafuti alama za nasaba wala za wahalifu. Alikuwa akifuatilia jeni ya myoglobini, protini inayohifadhi oksijeni katika misuli, na ndani ya jeni hiyo ya mwanadamu alikuta kipande kifupi kilichorudiwa sanjari, kinachofanana na marudio ya aina hiyo katika sehemu nyingine nyingi za andiko. Alikifanya kipande hicho kuwa chambo, kwa kutumia njia ya kuhamishia DNA juu ya karatasi ambayo Southern, yule yule, aliibuni mwaka 1975. Na palipotoka filamu, aliona safu za mistari myeusi, safu kwa kila mtu, hapana mbili zilizolingana, ila kwamba kila mstari wa msaidizi wake wa maabara ulikuwa umetoka ama kwa mama yake ama kwa baba yake, nao walikuwamo katika filamu hiyo. Sababu ya tofauti ilikuwa ni ile ile inayoyafanya marudio yawe magumu kuyanakili: mashine ya seli, inapolipita neno lile lile mara nyingi, hukosea hesabu, ikaongeza moja au ikapunguza, na kosa hilo hurithiwa, kwa hiyo baada ya vizazi vingi kila ukoo una idadi zake.

Kesi ya kwanza haikuwa ya jinai, na kwa wasomaji wenye jamaa waliotawanyika ughaibuni hii ndiyo iliyo na uzito. Mwaka 1985 kijana mmoja wa asili ya Ghana, aliyezaliwa Uingereza, alirejea huko kutoka kwa jamaa zake wa Afrika, na maofisa wa uhamiaji wakashuku kwamba si mwana wa yule anayedai kuwa mamaye, bali yamkini ni mwana wa dada yake. Vipimo vya damu vya zamani vilithibitisha ujamaa tu. Baba hakuwepo, Jeffreys alichukua damu ya mama na ya watoto wengine watatu, akaijenga upya safu ya baba kutokana na mistari ya watoto isiyotoka kwa mama, na mistari ya kijana ikaenea yote kati ya hao wawili, serikali ikaiacha kesi. Ya jinai ilifuata upesi, katika vijiji viwili jirani na Leicester, ambako wasichana wawili waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986, na kijana mmoja akakiri kosa moja katika hayo mawili. Mistari ilionyesha kwamba muuaji ni mmoja kwa wote wawili na kwamba kijana aliyekiri siye, hivyo mtu wa kwanza aliyepata faida ya ufundi huu katika jinai alikuwa ni mtuhumiwa asiye na hatia. Kisha wanaume zaidi ya 5,000 waliombwa damu. Aliyetafutwa alimshawishi mwenzake wa kazini atoe damu kwa jina lake, siri ikavuja, na mwaka 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Siyo kwamba mahakama ziliyapokea yote bila mjadala: mwaka 1989 hakimu mmoja wa New York aliukataa ushahidi wa mistari kulingana kwa sababu maabara haikufuata taratibu zake yenyewe, na ukali huo uliunufaisha ufundi kuliko ulivyoudhuru. Mwaka huo huo wa 1989 wanazuoni kadhaa, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba marudio mafupi zaidi, ya herufi chache tu, yanaweza kuzidishwa nakala kwa njia iitwayo PCR kutoka katika tone kavu au unywele, na hayo ndiyo yanayotumiwa na polisi karibu kote duniani mpaka leo.

Kosa la kuhesabu linaloleta nafuu mahakamani huleta msiba mwilini. Katika vijiji vya kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, kuna koo ambazo wengi wao, wafikapo umri wa makamo, huanza kutetemeka na kuchezacheza viungo bila hiari, kisha akili ikadhoofu hadi kufa. Nancy Wexler, ambaye mamaye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo wa Huntington, alianza safari zake huko mwaka 1979, akakusanya damu na shajara za nasaba. Mwaka 1983 mahali pa jeni palijulikana, katika kromosomu ya nne, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana: mna neno CAG lililorudiwa, ambalo kwa mtu mwenye afya halizidi mara 35, na kwa aliye na 40 au zaidi ugonjwa hauepukiki akiishi umri wa kawaida. Likirithiwa kutoka kwa baba, hesabu huelekea kuongezeka, na ugonjwa ukawahi zaidi.

Bakteria, niliosema karibu hawana marudio, walikuwa na aina yao. Mwaka 1987 Yoshizumi Ishino na wenzake wa Osaka waliona katika bakteria wa tumboni vipande vya herufi 29 vilivyorudiwa huku vikitenganishwa na maneno mengine. Francisco Mojica wa Alicante aliviona katika viumbe wa mashamba ya chumvi, na mwaka 2005 yeye na wengine wakaeleza kwamba maneno yaliyo katikati yametwaliwa kutoka kwa virusi walioshambulia zamani. Kutokana na ulinzi huo Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walitengeneza mwaka 2012 chombo cha kukata DNA mahali upendapo, na mwishoni mwa 2023 tiba ya siko seli iliyotokana nacho ikaidhinishwa Uingereza na Marekani. Bei yake haijawa ya kufikika kwa nchi zetu, zilizo na wagonjwa wengi kupita zote.

Karibu zaidi na sisi ni rudio la malaria. Kimelea Plasmodium falciparum aingiapo kwa kuumwa na mbu huwa amevikwa protini moja, na jeni ya protini hiyo iliposomwa mwaka 1984 ilionekana kwamba katikati yake imeandikwa neno la asidi amino nne, mara 41 mfululizo, zote sawa ila nne. Wapo waonao kwamba marudio hayo huushughulisha ulinzi wa mwili kwa kitu kisicho na maana. Lakini kinga iliyoelekezwa kwake imeonekana kufaa kiasi, na chanjo ya RTS,S iliundwa juu ya kipande cha marudio hayo hayo, ikajaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Korogwe, Bagamoyo na kwingineko barani, hata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021.

Karibu haya yote yalifanyika kabla andiko lenyewe la mwanadamu halijakamilika kusomwa. Lilipotangazwa kwa shangwe mwaka 2001 na tena 2003, viuno vya kromosomu na sehemu nyingine zenye marudio mengi viliachwa vitupu, kwa sababu mashine zilisoma vipande vifupi, na vipande vinavyofanana haviwezi kujulikana kipi chatangulia kipi. Vilijazwa mwaka 2022, kwa mashine zinazosoma maelfu ya herufi kwa pumzi moja. Asilimia 8 ya DNA ya mwanadamu ikasomwa kwa mara ya kwanza.

Nimeiweka mwisho habari ya pembe, biashara iliyoijenga Unguja na kuyamaliza makundi ya ndovu wa bara. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambaye ujana wake aliupitisha akichunguza nyani wa Mikumi, alipata njia ya kutoa DNA ndani ya pembe, akakusanya na kinyesi cha ndovu kutoka pande zote za Afrika, na kwa kuhesabu marudio mafupi katika sehemu 16 za andiko lao akachora ramani inayoweza kusema pembe imetoka wapi. Shehena ya tani sita u nusu iliyokamatwa Singapore mwaka 2002 ilionekana kutoka Zambia na jirani zake. Na katika shehena kubwa zilizokamatwa kati ya 2006 na 2014, nyingi mno katika pembe za ndovu wa savana zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, miaka ile ile ambayo ndovu wa Tanzania walihesabiwa kupungua kutoka 109,000 hadi 43,000. Kisha mwaka 2018 yeye na wenzake waliandika juu ya jambo ambalo wapelelezi hawakuwa wamelitazama: pembe mbili za ndovu mmoja zilikuwa zikitenganishwa na kupakiwa katika shehena mbalimbali, na shehena hizo, zikifuatwa, aghalabu ziliondoka bandari moja kwa nyakati zilizokaribiana. Kwa kuziunganisha jozi hizo walitambua magenge makubwa matatu ya magendo, yaliyokuwa yakisafirisha kutoka Mombasa, Entebbe na Lomé.